Mkono wa Baba Yako Kwenye Kipande cha Tatu

Kapinga mwanangu,

Mfuko wa kamera nimeuweka juu ya viatu vyako. Najua tangu Jumapili hutaki kuniangalia usoni, lakini kesho huwezi kupanda treni pekupeku. Itabidi uusogeze, na ukiusogeza utaiona bahasha hii. Mama yako ni mjanja hivyo. Soma kabla hujafunga kamba za viatu.

Sitakuandikia mambo ya kuchemsha maji, wala ya sweta, wala ya kujihadhari na vijana wa kwenye vagoni. Shangazi yako atakayewapokea Mwene-Ditu ana mdomo wa kutosha kwa kazi hiyo, na baba yako atakukumbusha njia nzima mpaka umchoke. Mimi nakuandikia juu ya ile foto ya uani, ile ya vipande vitatu, ambayo imenishinda kuiunga. Umeme uliporudi leo mchana nilijifungia nayo kwenye chumba cha giza, na kuna kitu nimekiona ndani yake ambacho siwezi kukuambia kwa mdomo, maana kila nikifungua mdomo wewe unatoka nje.

Kwanza niseme kosa langu, lisije likajificha nyuma ya maneno mengine. Nilijua kwamba sitakwenda tangu siku baba yako alipofukuzwa kazini akaanza kulala gare, kwenye kituo cha treni, na mizigo, akingojea treni pamoja na wote wanaofukuzwa hapa kwa sababu babu zao walitoka Kasai. Kambo, bibi yako, nilimwambia siku ileile. Ni mama yangu, ni kwa ajili yake ninabaki, ningemficha vipi? Baba yako nilimwambia, tukalia wote wawili nyuma ya jiko kama watoto waliovunja sahani. Wewe peke yako sikukuambia. Nilikuacha ukunje nguo. Uliniuliza tubebe sufuria kubwa au ndogo, nami nikajibu bila haya, ndogo. Jumapili ukavitazama vifurushi, ukasimama katikati ya chumba.

“Mama, bintu byako biko wapi?”

Nikakuambia nitafuata.

“Utafuata na nini? Treni ingine iko wapi?”

Ndiyo maneno ya mwisho uliyoniambia. Nilikuwa nimejiandaa kwa kilio, hata kwa matusi, lakini sikujiandaa kwa kimya. Niliogopa, Kapinga, hakuna sababu nyingine. Niliogopa kwamba ukijua mapema utakataa kwenda, na siku hizi jina lako tu linatosha kuleta watu mlangoni. Ni jina la mama wa baba yako, jina la Kasai. Nililipenda siku uliyozaliwa na bado nalipenda. Sikujua kwamba vijana niliowapiga foto wakiwa wadogo, wamevaa soksi nyeupe za sikukuu, watakuja kulipaza barabarani kama tusi.

Babu yangu alitoka Kasongo, upande wa Maniema, na cherehani yake kichwani. Alifika hapa mgeni kama babu wa baba yako alivyofika mgeni, na hakuna hata mtu mmoja mtaa mzima wa Kampemba aliyewahi kuniuliza nitarudi kwetu lini. Nyinyi mnaulizwa, mimi siulizwi.

Umemwambia baba yako kwamba nimemchagua kambo nikakuacha wewe. Yeye alinieleza, usimkasirikie. Kambo upande wake mmoja umekufa, hakai, akiinuliwa anaanguka. Vagoni zenyewe umeziona, ni za mizigo, watu wamesimama na magodoro kichwani, jua linawapiga. Yeye mwenyewe alisema mbele yako, “Muniache tu apa na mayi. Mwende zenu.” Mtu akisema hivyo unamwachaje? Nimeligeuza jambo hili kila upande na kila upande linaniuma. Ningekuwa na umri wako ningenuna vilevile, pengine ningevunja na vyombo.

Sasa turudi kwenye foto, maana hapo angalau najua ninachosema.

Unajua kwamba kazi hii nilifundishwa na Mjomba Ramazani, kaka yake kambo, aliyeanzisha studio hii. Yeye ndiye alikuwa anapiga foto ndefu hapa mtaani. Kwaya nzima, darasa zima, arusi yenye wajomba wasiokubali kusimama nyuma. Lenzi haitoshi kuwameza wote, na ukirudi nyuma unagonga ukuta wa jirani. Basi anapiga vipande, kimoja baada ya kingine, kisha anaviunga mezani kuwa foto moja. Wewe umenisaidia mara nyingi kushika taa na kupaka gundi, lakini sikuwahi kukusimulia nilivyokuwa ninaharibu, maana mbele yako nilipenda kujifanya fundi wa kuzaliwa.

Nilikuwa ninatembea. Nikimaliza kipande cha kwanza ninasogea pembeni kidogo, nikiona ndiyo akili, ili kila mtu nimpige akiwa mbele yangu. Foto zikitoka, nguzo ya veranda kwenye kipande kimoja imefunika dirisha, kwenye kipande cha pili dirisha limejitokeza kando ya nguzo, na ukiziunga unapata dirisha moja na nusu. Nikahangaika na wembe na penseli siku nzima. Mjomba akaja akatazama mara moja tu.

“Si nilikuambia ugeuke tu? Juu ya nini ulitembea?”

Ndivyo ilivyo. Kamera ikitoka mahali pake, vitu vya karibu na vya mbali havikubaliani tena, na hakuna mkasi wa kuvipatanisha. Simama, geuka, na kamera igeuke papo hapo ilipo.

Halafu nilikuwa ninapenda kurekebisha mwanga kila kipande. Upande wa kivuli ninafungua lenzi, upande wa jua ninabana, nikijisifu. Kila kipande peke yake kilikuwa kizuri. Vikikaa pamoja, ukuta uleule unabadilika rangi katikati, kama nusu imepigwa asubuhi na nusu jioni. Pima mara moja, mahali penye watu, kisha uache, hata mkono ukikuwasha. Na lenzi yetu inatia giza pembeni, hiyo umeiona, anga inakuwa na mistari ya wima kama pazia chafu. Kwa hiyo kila kipande kiingie ndani ya mwenzake karibu theluthi, pembe zile zenye giza uzitupe, utumie katikati.

Na watu! Watu hawatulii. Nilikuambia habari za yule mwalimu wa kwaya? Nilimwambia, Papa, usitikisike mpaka nimalize. Kipande cha kwanza mkono wake uko juu, kipande cha pili uko chini, na mimi kwa haraka zangu nikaunga palepale begani pake. Alikuja kuchukua foto akaitazama kwa muda mrefu, kwa heshima kabisa.

“Madame, ile mukono ya tatu ni ya nani?”

Nilitaka kufa. Ile ilinifundisha kuchagua mahali pa kuunga kabla ya kushika wembe. Usiunge usoni mwa mtu, wala kwenye anga tupu, wala kwenye ukuta laini. Tafuta nguzo, shina la mti, ukingo wa mlango, mahali ambapo jicho linatarajia mstari, nawe uufuate huohuo. Na ukingo usiukate kwa mkasi. Kwaruza upande wa juu kwa wembe bila kutoboa, kisha chana ukivuta kuelekea nyuma, ubaki na ngozi ya juu peke yake, halafu usugue nyuma yake kwa msasa mpaka uwe mwembamba kama ganda la kitunguu. Ukibandika, hauonekani. Hilo unalijua tayari, mikono yako ni mizuri kuliko yangu, sikuwahi kukuambia kwa kuogopa utavimba kichwa. Vimba sasa, nakuruhusu.

Hiki kipande cha maisha yetu ulikuwepo, lakini nakiandika kwa ajili yangu. Askari walipopora mji walibeba kamera kubwa, taa zote mbili, na ile miguu mitatu ya kusimamishia kamera. Hii ndogo ilipona kwa sababu kambo aliilalia. Nilimsukumia chini ya mgongo, nao walipoingia chumbani akawatukana kwa Kiswahili na kwa Kiarabu cha msikitini mpaka wakatoka wakicheka. Ndiyo kamera unayoondoka nayo. Ninaposema siwezi kumwacha, na hayo yamo.

Basi Jumanne baba yako akatoka gare, mchafu, ndevu zimemtoka, akasema treni imethibitishwa, tupige foto ya ua kabla hatujatawanyika. Filamu ilikuwa imebaki kidogo tu. Tukamtoa kambo tukamfunga na kikwembe kwenye kiti chake ili asiinamie upande. Nikawapanga: kambo mlangoni, kisha wewe, kisha baba yako, na upande wa bomba la maji, karibu na ukuta wa matofali, nafasi yangu. Maana wewe umezoea kulalamika tangu mdogo kwamba foto zote za nyumba hii hazina mama. Siku ile hukulalamika, ulisimama kama uliyebandikwa.

Nikapiga kipande cha kambo. Nikageuka, nikapiga cha kwenu wawili. Baba yako alikuwa ameshanyoosha mkono upande wangu, ameuweka hewani, anangojea bega langu lifike chini yake.

“Zaina, kuya mbio, mukono yangu inachoka!”

Nilikuona. Ulitaka kucheka. Kicheko kilifika mpaka kwenye pembe ya mdomo ukakimeza.

Nikakupa kamera upige kipande cha tatu. Nilichora alama chini kwa kisigino, nikasema, simama hapa hapa, usiguse kitu, kila kitu nimeshapima. Ukaipokea. Nikakimbia nikaingia chini ya mkono wa baba yako. Wingu likapita. Ukakawia, ukakawia sana, nikafikiri unakawia kwa makusudi ili nichoke kutabasamu. Kisha ukapiga, ukampa baba yako kamera badala ya kunipa mimi, ukaingia ndani.

Leo nimezisafisha foto. Karatasi zilizobaki ni za mwisho katika zile nilizonunua kwa wale wanaovuka mpaka wa Kasumbalesa, na siku hizi hawaleti tena, kwa hiyo kila karatasi niliishika kama yai. Kipande cha kwanza na cha pili vimeungana bila shida, nimefuata ukingo wa mlango, hata wewe hutaona. Cha tatu kilitoka cheusi kwa sababu ya lile wingu. Hilo si tatizo, nikakipunguzia muda chini ya taa, rangi zikakubaliana. Nikakilaza pembeni ya wenzake.

Mkono wa baba yako ulitoka begani vizuri, ukafika mahali pa kuunga, ukawa mnene ghafla. Mkono wa mtu mwingine kabisa, fundi wa kupasua mawe.

Nikasema, ni mimi, nimekuza vibaya. Nikaishusha mashine, nikakipunguza kipande, karatasi nyingine ikaenda. Safari hii mkono ukakubaliana na mkono, lakini matofali ya ukutani yakakataa, kila mstari ukaruka ngazi moja. Nikajaribu kufuata bomba badala ya bega. Bomba kwenye kipande cha pili limesimama mbali na dirisha la jikoni, kwenye cha tatu limelifunika nusu. Hapo nikajua. Ni ugonjwa wangu wa zamani, ule wa miguu. Kamera ilitoka mahali pake.

Nikakasirika, Kapinga. Nikuambie kweli. Nikasema peke yangu gizani, mtoto huyu nilimchorea alama, kitu kidogo tu nilimwomba, hata hicho amekataa, ametaka kuniharibia foto ya mwisho. Nilitaka kutoka nije nikutafute tugombane. Nikakichukua kipande nikakisogeza kwenye taa nyekundu ili nione ulirudi nyuma kiasi gani, au ulienda pembeni gani.

Hukurudi nyuma, wala hukwenda pembeni. Matofali nyuma ya kichwa changu ni makubwa, mimi mwenyewe ni mkubwa, ninajaza kipande. Ulitoka kwenye alama ukaja mbele. Ulikuja kwangu.

Tena nikaona kitu kingine. Nilikuambia usiguse kitu, na pete ya umbali kwenye lenzi nilikuwa nimeiweka kwa ajili ya watu waliosimama mbali. Ungeiacha hivyo, kwa ukaribu ule ningetoka na ukungu, uso usio na macho. Lakini nimetoka safi. Mikunjo ya shingo, kope, ile alama ya mafuta kwenye kitambaa changu, vyote vinaonekana. Ndiyo maana ulikawia. Ulikuwa unaizungusha pete, polepole, unanitafuta, mpaka nikaonekana.

Nilikaa chini na karatasi inanidondokea maji mapajani. Nililia, mwanangu, na sioni haya kukuambia. Nilikuwa nimejiandaa kukupoteza mara mbili, mara moja kwa treni na mara ya pili kwa hasira. Sasa naona kwamba moja ya hizo nilijitungia mwenyewe, kwa kuwa sikutazama vizuri.

Kile kipande sikukipunguza tena wala sikukilazimisha. Najua namna ya kulificha kosa kama hilo, ningeweza kukata mkono wa baba yako pale kiwikoni, nikachora matofali kwa penseli, nikapaka rangi kwenye bomba. Wateja nimewafanyia mambo mabaya kuliko hayo. Hii siifanyii. Utakuta kwenye kisanduku, ndani ya mfuko wa kamera, vipande viwili vimeungwa na cha tatu kiko peke yake, pamoja na negatifu zote, maana hapa nyumbani sijui nini kitapona. Ukifika kwa shangazi ukitaka kukiunga, unajua namna. Usipotaka, kiache. Mimi nimebaki na ile karatasi iliyoharibika, nyeusi kwa wingu, yenye mkono mnene. Nimeshaibandika juu ya kitanda cha kambo. Ameitazama akasema, “Huyu mutoto alikuya karibu sana,” na yeye hajawahi kushika kamera maishani mwake, isipokuwa kuilalia.

Siwezi kukuahidi kwamba nitafuata. Nilikuahidi Jumapili kwa kuogopa na haikunisaidia. Nitamtunza kambo mpaka mwisho wake, na siku hiyo ikipita nitatafuta njia, kwa treni, kwa lori, kwa miguu, na kama njia haipo nitakuandikia kwamba haipo. Sitakuficha kitu tena ili nikulinde. Nakupenda, na nilikupenda vibaya wiki hii.

Kesho baba yako atakuja kukuchukua mapema. Mimi nitakuwa chumbani kwa kambo, ni saa ya kumgeuza, siwezi kumwacha katikati. Baba yako atakuambia utuage kutoka mlangoni kwa sababu ya haraka, unamjua. Usimsikilize. Kama hasira bado ipo, ingia nayo, haitanishinda. Usisimame mlangoni, kama ulivyokataa kusimama pale nilipokuwekea alama.

Mama yako,
Zaina